Ufa wa Juu

Ufa wa kwanza ulikuwa umezibwa kwa mavi ya ng'ombe. Mhandisi Subilaga aliyakwangua kwa ukucha, akanusa, akafuta kidole kwenye suruali yake ya kazi, kisha akahamia ufa wa pili. Mavi tena, safari hii yamechanganywa na majivu na kulainishwa kwa dole gumba mpaka yakang'aa kama ukuta wa nyumba ya bibi harusi. Wa tatu vivyo hivyo. Mnara wa nyuki ulikuwa umekandikwa kwa upendo kutoka chini hadi juu ya kichwa cha mtu wa kawaida. Ufa wa juu kabisa tu ndio uliobaki wazi, kwa sababu ulipita kimo cha watu wa Chikomelo. Subilaga aliufikia bila kunyanyua visigino. Alikuwa mrefu tangu utotoni, na tangu utotoni alizoea kuwatazama watu utosini.

Pale juu nyuki walikuwa kazini. Kila mmoja alikuja na tonge la gundi nyekundu miguuni, akalibandika ukingoni mwa ufa, akalikanda kwa taya, akaruka kwenda kutafuta jingine. Wembe wa mashine uliofungwa ukutani ulipita, ukakwangua gundi yote na kuiangusha ndani ya bomba. Nyuki wakaanza upya.

"Huu peke yake ndio unaofanya kazi," alisema. "Kwa sababu mlisahau kuja na stuli."

Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Malogo, alikuwa amesimama nyuma yake akiwa ameshika kofia. Koti lake la suti lilikuwa limepauka mabegani. "Mbukwenyi, Mhandisi," alisema kwa upole, kwa maana huko Ugogoni mtu hasimangwi kabla ya kusalimiwa.

"Mbukwa. Nani amefanya hivi?"

"Watoto."

"Watoto wenye dole gumba pana namna hii?"

"Watoto wa siku hizi wanakua haraka, Mhandisi. Ni chakula chenu hiki."

Subilaga hakucheka. Kuwadharau watu kwake ilikuwa ibada. Aliifanya kwa utaratibu, asubuhi na jioni, na hakupenda kukatishwa na mzaha. Alitoa kishikwambi chake na kumwonyesha picha ya bonde la ng'ambo iliyopigwa jana yake kutoka angani. Mashamba ya huko yalikuwa ya kijivu, kama kichwa kilichonyolewa kwa chupa.

"Wanakuja," alisema. "Na mabomba yenu ni makavu."

Sumu za viwandani zilikuwa zimekwisha nguvu. Viwavijeshi wa zamani walikufa kwa dawa hizo. Wajukuu wao walizinywa kama uji. Kilichobaki kuwashinda ni gundi ya nyuki, ule utomvu ambao nyuki huokota kwenye magome ya miti na kuzibia nyumba yao. Ikiyeyushwa kwenye spiriti na kupulizwa kama ukungu ndani ya moyo wa mhindi, gundi hiyo huziba matundu ya pumzi yaliyo ubavuni mwa kiwavi, na yule asiyekufa huliona jani chungu akaliacha. Tena nyuki huokota leo mti huu na kesho mti ule, hata gundi ya juma hili si ya juma lililopita, na kiwavi hapati nafasi ya kuizoea. Shida ilikuwa moja. Nyuki haokoti gundi kwa kujifurahisha. Huokota anapoona ufa. Basi Shirika la Ngao, lililomwajiri Subilaga, likajenga mnara, nyumba ambayo nyufa zake haziishi, likaumba na nyuki wa kukaa ndani yake, nyuki wanaoogopa upepo kuliko njaa. Nyuki hao hawakuweka asali. Walizaa wana wachache. Waliziba, wakafunguliwa, wakaziba, hadi mavuno, wakafa. Na msimu mpya ukaja na masanduku mapya. Wale nyuki wa porini walikuwa wametoweka siku nyingi, na kule Chikomelo kulikuwa na watu wazima wenye ndevu ambao hawakuwahi kulamba asali.

Kila shamba lilikuwa na mnara wake. Kila mnara ulikuwa umekandikwa.

"Wakusanye watu," Subilaga alisema.

*

Walikusanyika kanisani, kwa kuwa ndilo jengo pekee lililowatosha. Subilaga alisimama mbele ya madhabahu, mgongo wake umeelekea msalaba, jambo ambalo akina mama waliliona na kunong'onezana.

"Nyosheni mikono," alisema.

Wengine walidhani wanabarikiwa, wakafumba macho.

"Sijaja kuwaombea. Fumbueni. Nataka kuona kucha."

Alipita kati ya mabenchi. Chini ya kucha za mtu wa kwanza palikuwa na mstari wa kijani uliokauka. Chini ya kucha za jirani yake vilevile. Mume alizitazama kucha za mkewe kwa mshangao; mke alizitazama za mumewe kwa mshangao mkubwa zaidi. Kila mmoja alikuwa ameamka alfajiri, akaziba kwa siri, akarudi nyumbani akiamini kwamba kijijini kote ni yeye tu mwenye moyo wa nyama. Mchungaji aliingiza mikono mifukoni. Mwenyekiti Malogo aliikalia yake.

"Mwenyekiti," Subilaga alisema, "na wewe ni mtoto?"

"Moyoni, Mhandisi," alijibu Malogo, na kanisa likaguna kwa kicheko.

Mama mmoja wa benchi la nyuma ndiye aliyejaribu kueleza. "Binti, sisi ni watu wa mizinga tangu babu zetu. Mzinga wenye ufa ni aibu. Hata ukipita njiani ukaukuta wa adui yako umepasuka, unaziba kwanza, ugomvi baadaye. Na ukirina, unaziba kabla ya kulamba. Asiyeziba halambi. Sasa ninyi mmetuletea mizinga imepasuka kila mahali, tena shambani kwetu, tunapita hapo kila siku na jembe begani. Mkono unakwenda wenyewe."

"Mkono unakwenda wenyewe," Subilaga alirudia. "Tumbo nalo linakwenda wapi?"

Aligeukia mabenchi ya mbele.

"Nitawaambia kitu. Kabla yangu alikuwepo mkaguzi mwingine, mnamkumbuka. Alikutwa ameziba ufa mmoja, mmoja tu, kwa kidole chake mwenyewe. Jioni ile ile alirudisha funguo za gari. Watu walisema ana huruma. Mimi nilisema ni mjinga, nikachukua kazi yake, na sijaona sababu ya kubadili maneno. Kwa maana huruma ya mtu anayekula ni nini? Mnakula mahindi yanayolindwa na nyuki hawa. Mnajua wanavyoishi. Hamtaki kuona. Basi mnachovya kidole kwenye mavi, mnajipaka wema, mnarudi kula. Nimekuja na nyembe mpya. Hizi ni za moto; zinapita kwenye mavi, kwenye udongo, hata kwenye saruji zitapita. Lakini sitaziwasha mimi."

Alikiweka kishikwambi juu ya meza ya Bwana.

"Kila nyumba itakuja kuweka dole gumba hapa na kuuwasha mnara wake. Dole gumba lile lile. Asiyetaka asiweke. Huruma yenu nimeiona kwenye kucha. Sasa nataka kuiona kwenye sufuria."

Watu waliinamisha vichwa, na hilo lilimpendeza. Aliijua ladha yake. Kisha Malogo akainuka, akajikohoza.

"Mimi kama kiongozi sina budi kuonyesha njia," alisema, akaweka dole lake.

Baada yake walikuja wote. Walikuja wakitazama chini kama wanaokwenda kutubu, wakarudi wakitazama juu kama waliokwisha kusamehewa. Mchungaji aliomba aende wa mwisho. Subilaga aliwahesabu kwa macho, na kwa kila dole dharau yake ilishiba kidogo, mpaka kishikwambi kikaonyesha mnara mmoja ambao haujawashwa.

"Nani huyu, shamba la kando ya korongo?"

"Mimi." Alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, amefunga kitenge kifuani juu ya gauni, na hakusimama. Jina lake Mbeleje. Mumewe alikuwa amekaa pembeni yake, amepooza upande mmoja, mkono umelala mapajani kama kitu cha kuazima. "Mimi siwashi."

"Unawahurumia nyuki, mama?"

"Mdudu aliyenitoboa jicho karibu nipofuke mwaka ule nitamhurumia nini? Siwahurumii."

"Basi ni nini?"

"Kila jioni mimi na mzee huyu tunapiga magoti. Yeye hapigi, ananitazama tu. Namwambia Mungu, Baba, nyumba yangu ina nyufa, ziba. Mume ni ufa, mvua ni ufa, watoto waliokwenda na hawapigi simu ni ufa. Ziba, Baba. Sasa kesho nikafungue za mwenzangu kwa moto, halafu jioni nirudi pale pale magotini?" Aliwatazama majirani zake, mmoja mmoja. "Ninyi mtasali nini leo? Nawauliza tu. Nataka kujifunza."

"Mdudu hasali, mama," Subilaga alisema.

"Na wewe unasali?"

"Mimi nafanya kazi."

"Nimeona. Umeupa mgongo msalaba tangu uingie."

Watu walicheka, na safari hii walimcheka yeye. Mchungaji alikuna kidevu. Malogo alisimama haraka, akiwa na wasiwasi wa mtu mwenye mahindi. "Mama Mbeleje, shamba lako likiliwa, hao viwavi watanenepa kwako na kuhamia kwetu. Mhandisi, hii si sawa. Alazimishwe."

Subilaga angeweza kumlazimisha. Amri ilikuwa kwenye kidole chake. Alimtazama yule mwanamke aliyemjibu mbele za watu, akaona njia iliyo bora zaidi ya kumshinda.

"Aachwe," alisema. "Wembe wake wa zamani utazimwa, na mnara hautawashwa wala kuguswa mpaka mavuno. Minara ya majirani itapuliza mara mbili mpakani. Kila kijiji kinahitaji shamba moja la mfano, ili msimu ujao nisipoteze muda kueleza."

*

Viwavi walifika wakati mahindi yalikuwa yanaanza kutoa mbelewele. Hawakuruka kama nzige wala hawakupiga kelele ya kutisha. Walipanda tu kutoka korongoni, wengi, na aliyesimama kimya aliweza kusikia majani yakitafunwa, sauti kama mvua ndogo juu ya makuti.

Minara iliwaka. Nyembe za moto zilipita nyufani, na harufu ya nta iliyoungua, tamu na chafu, ikakaa juu ya kijiji. Nyuki walirudi na matonge yao, wakabandika, wakaunguzwa miguu, wakarudi tena. Ukungu mwekundu ulishuka juu ya mashamba kila asubuhi na viwavi wakaanguka kama punje. Watu walijifunza kwenda shambani wakipitia njia ya nyuma ili wasisikie mngurumo wa minara yao. Walisema ni kwa ajili ya umande.

Shamba la Mbeleje liliisha kabla ya Jumapili kupita. Alisimama mpakani na ufagio wa njiti, akiwapigapiga viwavi, akiwaponda kwa kisigino, akiimba wimbo wa kanisani kwa hasira. Kisha akaacha, kwa sababu mtu hafagii mto. Subilaga alimtazama kutoka garini. Alikuwa amechomeka kibao pembeni mwa njia: SHAMBA LA MFANO. Alitegemea kuona furaha moyoni mwake mwenyewe na alipoitafuta hakuikuta, akadhani ni uchovu.

"Mama Mbeleje hatalala njaa," Malogo alitangaza Jumapili, mbele ya kanisa lote. "Chikomelo si kijiji cha wanyama."

Na kweli, mwanzoni walimletea. Debe la unga kutoka kwa huyu, kikapu cha mtama kutoka kwa yule, na kila aliyeleta alikaa kidogo ili ashukuriwe. Baadaye walituma salamu. Baadaye hata salamu zikapitia njia ya nyuma, ile ya umande. Mbeleje alichuma mlenda, akausonga na pumba, akamlisha mumewe kwa kijiko, naye akala kilichobaki, ambacho mara nyingi hakikubaki. Mifupa ya mabegani ilitokeza. Tusidanganyane kwa hadithi: mtu akitenda haki, njaa haimwogopi.

Mnara wake ulisimama katikati ya mabua makavu, umekaa kimya. Nyuki walikwisha kuziba ufa wa juu kwa gundi yao wenyewe siku ile ile uliposimamishwa wembe. Walizunguka ndani kwa muda, wakitafuta upepo wa kuogopa, wakaukosa. Viumbe waliotengenezwa wafanye kazi moja tu walibaki hawana kazi. Subilaga alisikiliza kwa sikio lililobanwa ukutani na kusema watakufa kwa uvivu. Wiki nyingine alirudi, akasikiliza muda mrefu zaidi. Ndani mlikuwa na sauti ambayo haikuwemo kwenye kitabu cha Shirika, sauti nzito, ya chini, kama ya watu wanaozungumza baada ya kushiba.

*

Siku ya shukrani ya mavuno, mkurugenzi wa Shirika alikuja kutoka Dodoma na wageni wenye kamera. Alivaa viatu vyeupe. Watu waliweka magunia ya mahindi mbele ya kanisa, mazuri, manene. Na pembeni ya kila mnara vijana wa Shirika walikuwa wakikwangua nyuki waliokufa kwa koleo na kuwatia kwenye viroba, kama kila mwaka.

"Sasa tuone hilo shamba la mfano," alisema mkurugenzi. "Mhandisi wetu ndiye aliyelibuni. Nimeambiwa linafundisha kuliko semina."

Walikuta mlango wa mnara wa Mbeleje uko wazi. Mwenyewe alikuwa amepiga magoti mbele yake, kijinga cha moshi kando, mikono imelowa mpaka viwikoni. Alikuwa anakata masega. Yalitoka meupe, mazito, yakidondosha, na harufu yake ilipita juu ya mabua makavu ikafika kanisani kabla ya mtu yeyote kutumwa. Watu walikuja wenyewe. Wazee waliinusa, wakavua kofia. Vijana waliuliza ni nini hicho.

Mbeleje alikata, akaacha masega ya ndani kwa wenyeji wake, akanyanyuka. Mnara ulipofunguliwa, nyufa zake zote zilikuwa zimefumuka upya. Kando yake palikuwa na sinia la asali, na kando ya sinia palikuwa na ndoo ya mavi ya ng'ombe na majivu.

Malogo alikuwa wa kwanza kwenye foleni, kama kiongozi. Alishika bakuli la udongo la kupakulia ugali.

"Bakuli kubwa, Mwenyekiti," Mbeleje alisema. "Debe lako la unga lilikuwa dogo."

"Mama, yaliyopita si ndwele."

"Ndwele ninayo mimi, mbavuni. Chovya."

"Asali?"

"Ndoo. Asiyeziba halambi. Au mmesahau na hilo?"

Malogo alitazama kamera, akatazama viatu vyeupe vya mkurugenzi. Kuziba mnara ni kuvunja mkataba wa kijiji na Shirika, alijua. Alitazama sinia. Akachovya vidole kwenye ndoo, akaziba ufa wa chini, akalainisha kwa dole gumba kwa ustadi wa mtu ambaye hajasahau chochote. Mbeleje alimpa kipande kisichozidi ukucha. Malogo alikitia mdomoni, akageuka upande, na mabega yake yakaanza kutikisika chini ya lile koti lililopauka. Hakuna aliyemcheka.

Wakafuata wengine. Mchungaji alikunja mikono ya kanzu. Hawakuomba radhi, watu kama hao hawaombi. Walichovya, wakaziba, wakalamba, wakakaa chini kwenye mabua wakiwa wamefumba macho. Mbeleje alimgawia kila mmoja sawa na mwenzake, na alimdharau kila mmoja sawa na mwenzake, na hakumnyima hata mmoja.

"Asali haisongi ugali," Subilaga alimwambia foleni ilipoisha. Alitaka sauti yake iwe kavu. "Mumeo hashibi kwa hii."

"Najua. Mimi ndiye ninayelala naye njaa." Mbeleje alifuta kisu kwenye kitenge. "Njoo."

"Mimi niko kazini."

"Nimeona tangu siku ile. Nyufa zote zimezibwa, isipokuwa ule wa juu. Wenzako hawaufikii."

"Panda stuli."

"Stuli ninayo nyumbani. Nimeiacha makusudi."

Nyuki walikuwa wamekwisha kuanza. Pale juu, ukingoni mwa ufa ule, mmoja alifika na tonge lake jekundu, akalibandika, akasimama akisubiri. Subilaga aliwafahamu vya kutosha kujua anasubiri nini. Wembe. Hawa walizaliwa baada ya wembe kuzimwa, hawakuuona hata siku moja, na bado waliungojea.

Nyuma yake mkurugenzi alikuwa anawaeleza wageni kuhusu ujinga wa wenyeji, kwa maneno ambayo Subilaga aliyatambua. Yalikuwa ya kwake, aliyaandika mwenyewe. Yalipotoka kwenye kinywa cha mtu mwenye viatu vyeupe alisikia kwa mara ya kwanza jinsi yalivyokuwa madogo.

Alikunja mkono wa shati. Ndoo ilikuwa chini sana. Ilimlazimu kupiga magoti kuifikia, na alipokuwa amepiga magoti pale, katika shamba lililoliwa, nyuso za watu wote waliokaa kwenye mabua zilikuwa sawasawa na uso wake.

"Mhandisi," mkurugenzi alisema, na kamera zikageuka. "Unafanya nini hapo?"

Funguo za gari zilikuwa kwenye mfuko wake wa kifuani. Alizitoa, akaziweka juu ya mlango wa mnara mahali ambapo kila mtu angeziona. Kisha akachovya mkono mzima, akasimama, akaufikia ufa wa juu bila kunyanyua visigino.